Ardhi, mafundi na mwanakandarasi: Nguzo tatu zinazoamua gharama ya nyumba Kitale na Bungoma

NYUMBA mbili zilizochorwa kwa ramani moja, zenye vyumba sawa na mabati ya rangi moja, zaweza kutofautiana kwa mamia ya maelfu ya shilingi iwapo moja itajengwa viungani mwa mji wa Kitale na nyingine kando ya barabara ya Bungoma kuelekea Malaba. Hata zikijengwa katika mtaa mmoja, bado mwenye moja aweza kuhamia ndani kabla ya mwaka kuisha huku jirani yake akibaki na kuta zisizo na paa, magugu yakimea sebuleni.

Wengi huielekeza lawama kwa bei ya saruji na vyuma. Lawama hiyo ina msingi. Sheria ya Fedha ya 2023 ilianzisha ushuru wa asilimia 17.5 kwa klinka na vyuma ghafi vinavyoagizwa kutoka nje, nayo marufuku ya ukataji miti katika misitu ya serikali, iliyoanza Februari 2018 na ambayo Rais William Ruto alitangaza kuiondoa Julai 2023, ilizifanya mbao kuwa adimu kwa miaka mitano. Hata hivyo, bei za dukani humpata kila mjenzi kwa kiasi kinachokaribiana. Kinachowatenganisha wanaomaliza na wanaokwama ni mambo matatu ambayo mwenye nyumba ana uwezo wa kuyaamua mwenyewe: ardhi anayoinunua, namna anavyowalipa mafundi, na mtu anayemkabidhi kazi.

Ardhi rahisi yaweza kuwa ghali

Historia ya ardhi katika maeneo haya mawili haifanani. Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya nyanda zilizotengewa walowezi Wazungu enzi za ukoloni. Baada ya uhuru wa 1963, mashamba mengi makubwa yalinunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika vya wananchi, mengine yakageuzwa kuwa makazi ya wasio na ardhi. Ndiyo sababu hadi leo mnunuzi viungani mwa Kitale aweza kuonyeshwa cheti cha hisa cha kampuni badala ya hatimiliki ya kipande anachouziwa.

Bungoma nayo, sehemu kubwa ni ardhi ya ukoo iliyogawanywa kizazi baada ya kizazi. Huko tatizo la kawaida ni hatimiliki iliyopo lakini yenye jina la babu aliyefariki zamani. Sheria ya Urithi inakataza mtu yeyote kuuza au kutumia mali ya marehemu kabla msimamizi wa mirathi hajaidhinishwa na mahakama. Mjukuu anayeuza ploti kwa karatasi iliyotiwa saini mbele ya mzee wa mtaa hana anachouza, hata akiwa mwaminifu kiasi gani.

Kuna kizingiti kingine kwa ardhi ya kilimo. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inataka mauzo yaidhinishwe na Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ya eneo husika, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba utiwe saini. Bila idhini hiyo mkataba huhesabiwa kuwa batili, na haki anayopewa mnunuzi na sheria hiyo ni kudai pesa zake kama deni. Ingawa mahakama zimewahi kumtetea mnunuzi katika baadhi ya kesi, safari ya kutafuta utetezi huo huweza kugharimu zaidi ya ploti yenyewe. Aliyekwisha kujenga huwa katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa nyumba ya mawe haihamishiki.

Kwa hivyo bei anayotaja dalali ni mwanzo tu. Juu yake kuna ada ya wakili, ya mpimaji ardhi, ya upekuzi rasmi wa rejista, ya bodi, na ushuru wa stempu ambao ni asilimia 4 ya thamani ya ardhi ndani ya manispaa na asilimia 2 nje yake. Kwa ploti ya Sh800,000, ushuru huo pekee ni Sh32,000 mjini au Sh16,000 mashambani.

Ukubwa pia huhitaji kupimwa wala si kukisiwa. Ploti ya futi 50 kwa 100 huuzwa kwa jina la thumni ya ekari. Ploti hiyo ina futi 5,000 za mraba, ilhali thumni kamili ya ekari ni futi 5,445. Mnunuzi anayelipia thumni na kupimiwa 50 kwa 100 amepoteza futi 445 za mraba, eneo linalotosha chumba kikubwa na choo chake. Vigingi vya mipaka vikionyeshwa na mpimaji aliyesajiliwa kabla ya malipo ya mwisho, ugomvi wa aina hii huepukika.

Kilicho chini ya nyasi

Baada ya karatasi huja udongo. Mahali penye udongo mwekundu ulioshikamana, mtaro wa msingi hupata ardhi ngumu mapema. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, mjenzi hulazimika kuchimba hadi kuupita, kuuondoa, kisha kujaza mawe na changarawe kabla ya kumwaga konkriti. Sehemu oevu karibu na mito huhitaji mifereji ya kuondoa maji. Ploti ya namna hiyo huuzwa kwa bei nafuu, lakini nafuu yote huzikwa ndani ya msingi. Kuchimba mashimo mawili au matatu ya majaribio kabla ya kununua ni kazi ya kibarua mmoja kwa siku moja, nayo huweza kuokoa gharama ya kuta nzima.

Umbali nao una bei yake. Saruji nyingi nchini hutengenezwa Athi River na Pwani, hivyo kila mfuko unaofika Magharibi umelipiwa nauli ya mamia ya kilomita. Bungoma ina afueni kidogo, kwa kuwa imo kwenye barabara kuu ya Malaba, na kiwanda cha saruji cha Tororo nchini Uganda kiko ng'ambo tu ya mpaka. Kitale imo kwenye barabara ya kuelekea Lodwar, na mara nyingi bidhaa huongezewa gharama ya safari ya ziada. Kwa upande wa pili, wakazi wa Kitale wako karibu na mbao za maeneo ya Mlima Elgon na Cherang'any.

Matofali ya kuchomwa hupatikana kwa wingi katika kaunti zote mbili na ndiyo kimbilio la wenye kipato cha wastani. Bei yake kwa kila tofali ni ndogo, lakini mengi hayana umbo sawa. Tofali lililopinda hudai mchanganyiko mnene wa saruji katika viungo na plasta nzito ukutani ili kuuficha upinde. Matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine, yale yanayofungamana, huwa ghali zaidi moja moja, ila hutumia mchanganyiko mchache sana na yanaweza kuachwa bila plasta. Anayelinganisha bei ya tofali badala ya bei ya ukuta uliokamilika hujidanganya.

Ufundi: kwa siku au kwa kazi?

Ni desturi katika ujenzi wa nyumba za kawaida nchini kukadiria kuwa ufundi utachukua kati ya robo na theluthi ya gharama yote. Hata hivyo, kadirio hilo husimama au kuanguka kulingana na namna ya malipo.

Njia ya kwanza ni kulipa kwa siku. Tuseme, kwa ajili ya kufafanua hesabu, mwashi analipwa Sh1,200 na msaidizi Sh600. Kikosi cha waashi 2 na wasaidizi 4 kitakula Sh4,800 kila siku. Kuta zikipanda kwa siku 15, malipo ni Sh72,000. Lakini mchanga ukichelewa, maji yakikosekana, au mwenye nyumba akikawia kununua saruji, kazi ile ile yaweza kuchukua siku 25 na kufikia Sh120,000. Zile Sh48,000 za ziada hazikuongeza hata tofali moja.

Njia ya pili ni kupatana kwa kazi nzima: msingi kwa bei moja, kuta kwa bei nyingine, paa kwa nyingine. Hapa fundi hubeba hasara ya kuchelewa, na kwa sababu hiyo hukimbia. Hatari huhamia kwenye ubora. Konkriti huendelea kupata nguvu kwa siku 28 na huhitaji kunyunyiziwa maji kwa angalau wiki moja, lakini fundi anayesubiri malipo ya hatua inayofuata hana hamu ya kungoja. Anayepatana kwa kazi lazima aandike si bei tu, bali pia kipimo cha mchanganyiko, unene wa sakafu na siku za kumwagilia maji.

Kosa dogo la kipimo laweza kuhesabiwa kwa urahisi. Sakafu ya mita 100 za mraba yenye unene wa sentimita 10 huhitaji mita 10 za ujazo za konkriti. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, kila mita ya ujazo humeza takriban mifuko 6 na nusu ya kilo 50, yaani mifuko 65 kwa sakafu yote. Mawe ya kujazia yakipangwa ovyo na sakafu ikalazimika kuongezewa sentimita 2.5 ili iwe sawa, mifuko 16 zaidi itatoweka. Kwa bei ya mfano ya Sh800 kwa mfuko, hiyo ni Sh12,800 kabla ya kuhesabu mchanga na kokoto. Mwashi hodari anayedai malipo ya juu kidogo kwa siku hulipa ujira wake kwa kuzuia hasara kama hizi.

Msimu pia hupandisha na kushusha ujira. Miezi mikavu ya Desemba hadi Februari ndiyo mizuri kwa ujenzi, lakini mwanzo wake hukutana na mwisho wa mavuno ya mahindi Trans Nzoia na watu wanaofanya kazi Nairobi na kwingineko kurejea nyumbani wakitaka kazi ifanywe likizo ikiwapo. Machi na Aprili, mvua inapoanza, vibarua huelekea mashambani kupanda na barabara za udongo huwa tope linalozuia malori. Bungoma kuna jambo la ziada: katika miaka ya shufwa, mwezi Agosti huwa wa tohara miongoni mwa Wabukusu, na vijana wengi pamoja na fedha za familia huelekezwa kwenye sherehe hizo. Mwenye kupanga vyema hununua mchanga, kokoto na matofali mapema, kabla ya wingi wa wajenzi kupandisha bei, na kumwaga msingi mvua zinapopungua.

Kuna deni jingine ambalo wengi hawalijui hadi ajali itokee. Mwenye nyumba anayeajiri mafundi na vibarua moja kwa moja ndiye mwajiri wao mbele ya sheria. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awe na bima kwa wafanyakazi wake. Kibarua akianguka kutoka kwenye jukwaa la mbao na kuvunjika mguu, mwenye nyumba asiye na bima aweza kujikuta akilipa matibabu na fidia kwa pesa zilizokusudiwa kununua mabati.

Nani akabidhiwe kazi?

Mwanakandarasi kamili hununua vifaa, huajiri mafundi na kukabidhi nyumba iliyokamilika. Kwa huduma hiyo huongeza gharama za usimamizi na faida yake. Akiongeza asilimia 12 juu ya kazi ya Sh2 milioni, ziada ni Sh240,000. Mwenye nyumba anayeishi karibu, mwenye nafasi ya kufika kila siku na anayejua kuhesabu lori la mchanga, aweza kuziokoa pesa hizo.

Lakini kwa anayeishi Nairobi, Mombasa au ughaibuni, hesabu hubadilika. Ndugu anayesimamia kwa hisani hana mkataba, hana kipimo na hawezi kushtakiwa bila ukoo kugawanyika. Lori linalosemekana ni la tani 7 hufika likiwa pungufu, saruji hubadilisha mwenyewe usiku, na mabati ya geji 28 yaliyolipiwa huwa ya geji 32, ambayo ni membamba zaidi. Hasara ikifika sehemu moja kwa kumi ya Sh2 milioni, Sh200,000 zimekwenda, na bado nauli za safari za ukaguzi hazijajumlishwa.

Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, husajili wanakandarasi katika madaraja 8, la 8 likiwa la kazi ndogo zaidi. Pia husajili miradi na kutambua mafundi stadi na wasimamizi wa ujenzi. Usajili wa mwanakandarasi unaweza kuthibitishwa kupitia tovuti ya mamlaka hiyo. Cheti chenyewe hakithibitishi kuwa mtu ni mwaminifu, ila kinampa mwenye nyumba mahali pa kulalamikia.

Zaidi ya cheti, njia bora ya kuchagua ni orodha ya kiasi cha vifaa na kazi inayotayarishwa na mkadiriaji majenzi. Orodha hiyo moja hupewa wanakandarasi watatu waijaze bei. Bila hiyo, kila mmoja hukisia nyumba yake mwenyewe. Anayetaja Sh1.6 milioni huenda ameacha shimo la majitaka, nyaya za umeme na mkanda wa konkriti unaofunga kuta juu ya madirisha, ilhali aliyetaja Sh2 milioni ameviweka vyote. Bei ya chini kabisa mara nyingi huwa ya nyumba isiyokamilika, na kilichoachwa hurudi baadaye kwa jina la kazi ya ziada.

Kuruka wataalamu na vibali ili kuokoa fedha ni akiba ya muda. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka mjenzi apate idhini ya kaunti. Anayekiuka aweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi 2, au adhabu zote mbili. Aidha, Kanuni za Kitaifa za Majengo za 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025, zilichukua nafasi ya zile za 1968. Kenya imewahi kulipia uzembe kwa damu: jengo la orofa 6 lililoporomoka Huruma, Nairobi, Aprili 2016 liliua watu wapatao 50. Nyumba ya chini haina uzito wa gorofa, lakini nyufa zake hutokana na visababu vile vile: msingi haba, konkriti dhaifu na msimamizi asiyekuwapo.

Fedha zifuate kazi

Mkataba ulio salama hulipa kwa hatua zilizokamilika na kukaguliwa: msingi, kuta, paa, plasta na umaliziaji. Malipo ya mwanzo yawe madogo, yanayotosha kuanzisha kazi. Kwa kawaida sehemu ya kila malipo, mara nyingi asilimia 10, huzuiliwa. Nusu yake hutolewa nyumba inapokabidhiwa na iliyobaki baada ya miezi 6 hivi, kasoro zikisharekebishwa. Mvua ya kwanza ndiyo mkaguzi asiyehongwa, na ni vyema impate mwanakandarasi akiwa bado anadai.

Kwa anayetegemea mkopo wa chama cha akiba, hatua hizi zina uzito zaidi. Mkopo wa Sh1 milioni kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi hudai Sh10,000 katika mwezi wa kwanza, iwe mafundi wako kazini au la. Akichukua mkopo wote kabla ya hatimiliki kutoka, riba huanza kula fedha za paa huku faili ikisubiri bodi ya ardhi. Mpangilio unaofaa ni kumaliza suala la ardhi kwa akiba, kupata michoro, orodha ya vifaa na idhini ya kaunti, kisha ndipo mkopo uchukuliwe wakati kiangazi kinakaribia.

Asiyeweza kumudu nyumba nzima kwa mkupuo mmoja hana sababu ya kukata tamaa, mradi ramani itayarishwe ikizingatia hilo. Vyumba viwili vilivyoezekwa, vyenye milango na choo, huweza kukaliwa na kumwokoa mwenyewe kodi ya kila mwezi anapoongeza vingine. Msingi mkubwa wa vyumba vitano usio na kuta hauna anayeweza kulala juu yake, na kila msimu wa mvua huuondolea sehemu ya thamani yake.